Ufaransa: Barabara ndogo za Gers, raha ya waendesha baiskeli na mzigo wa vijiji

Katika departementi ya Gers, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mtu anaweza kuendesha baiskeli asubuhi nzima juu ya lami nzuri na asikutane na magari kumi. Hakuna honi, hakuna moshi wa mazutu. Kinachosikika ni mnyororo wa baiskeli, ndege, na trekta moja inayolima mbali. Watu wanatoka Uholanzi, Uingereza, Ubelgiji na hata Paris kufuata utulivu huo. Lakini utulivu huo haukuanguka kutoka mbinguni, na wanaoulipia si wageni.

Gers ni sehemu ya Gascogne ya zamani, magharibi mwa Toulouse, na mji wake mkuu ni Auch. Milima mirefu haipo huko, tambarare pia haipo. Ni vilima juu ya vilima, vyenye ngano, mahindi, alizeti na mizabibu inayotoa pombe kali ya Armagnac. Sababu ya sura hiyo ya nchi iko kusini, kwenye uwanda wa juu wa Lannemezan, chini ya milima ya Pyrénées. Mito midogo mingi inaanzia upande ule: Gers wenyewe, Baïse, Osse, Arrats, Gimone, Save. Inashuka ikiachana kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na maji yake yote yanaishia katika mto Garonne.

Kwa mwenye baiskeli, ramani hiyo ya mito ndiyo kila kitu. Anayekwenda kaskazini ao kusini, akifuata bonde ao mgongo wa kilima, anasafiri kwa amani. Anayekatisha kutoka mashariki kwenda magharibi ataona mambo: anashuka bondeni, anavuka daraja dogo, anapanda upande wa pili, na akifika juu anakuta bonde lingine linamngojea. Hakuna kilima hata kimoja kinachostahili kuitwa mlima, lakini siku ikiisha miguu inaweza kuwa imepanda mita zaidi ya 1000. Vijana wengi wenye kifua wamenyenyekezwa na nchi hii inayoonekana laini kwenye picha.

Hapo ndipo gia zinapopata maana. Paul de Vivie, mfanyabiashara wa Saint-Étienne aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alianzisha gazeti Le Cycliste mwaka wa 1887 na akapigania maisha yake yote baiskeli yenye gia nyingi, ya kusafiria, si ya kushindana tu. Wakubwa wa mashindano hawakumsikiliza. Tour de France, iliyoanza mwaka wa 1903, iliruhusu kifaa cha kuhamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine mwaka wa 1937 tu. Mwaka mmoja mbele yake, sheria ya 1936 ilikuwa imewapa wafanyakazi wa Ufaransa wiki mbili za likizo yenye malipo, na wengi walitoka mijini kwa baiskeli, wengine wawili juu ya kinga moja, kwenda kuona nchi yao kwa mara ya kwanza.

Lakini kwa nini vijiji vidogo namna hii vina barabara nyingi hivi? Jibu liko katika sheria ya tarehe 21 mwezi wa tano 1836. Sheria hiyo ililazimisha kila komini kutunza njia zake za kijiji. Iliruhusu kuwadai wakaaji hadi siku tatu za kazi kwa mwaka, kwa mikono yao ao kwa pesa. Msomaji wa Kivu angeiita salongo, ila yule aliyekuwa na pesa aliweza kulipa na kubaki nyumbani. Njia hizo zilitengenezwa ili ngano, divai na mifugo vifike sokoni, na ziliunganisha karibu kila shamba na kila kanisa.

Kisha watu wakaondoka. Katikati ya karne ya 19, Gers ilikuwa na wakaaji zaidi ya 300,000. Leo ni karibu 190,000. Vijana walifuata kazi Toulouse, Bordeaux na Paris, vita ya 1914 hadi 1918 ikameza wengine, na baadaye trekta ikachukua nafasi ya mikono iliyobaki. Miaka ya 1920 familia za wakulima kutoka Italia zilikuja kushika mashamba yaliyoachwa, lakini hazikutosha. Barabara hazikuondoka. Zilibaki pale, zikawekwa lami, na magari makubwa yakavutwa na barabara ya taifa N124 inayounganisha Auch na Toulouse. Kwa hiyo anayeendesha baiskeli leo anapita kwenye mtandao uliojengwa kwa ajili ya watu ambao hawapo tena.

Kwa aliyezoea RN2 ao RN5, namba hizi hazina siri. N ni ya taifa, D ni ya departementi, na mawe ya kilomita ya barabara za D yana kichwa cha manjano. Kwenye ramani za Michelin, barabara zenye rangi nyekundu ni za kuepuka, za manjano zinafaa, nyeupe ndizo tamu zaidi. Magari yanapita upande wa kuume kama Congo. Mgeni ajue tu kwamba saa sita mchana maduka ya vijijini yanafungwa, na mengi hayafunguliwi siku ya kwanza ya juma. Maji ya kunywa, jambo linaloshangaza wengi, hutafutwa makaburini: karibu kila kaburi la kijiji lina bomba la kumwagilia maua, na isipokuwa kibao kikikataza, wasafiri wanajaza chupa pale bila haya.

Nani anatengeneza hayo yote? Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni 1 za barabara. Serikali kuu imebaki na karibu 20,000 tu, zikihesabiwa barabara kuu za kulipia. Departementi zina karibu 380,000, na komini karibu 700,000. Komini zenyewe ni karibu 35,000, na nusu yake hazifikishi wakaaji 500. Meya wa kijiji kidogo anajikuta na barabara ndefu kuliko pesa yake. Akitengeneza kilometa mbili, paa la shule linangoja. Akitengeneza paa, mvua ya majira ya baridi inafungua mashimo.

Njia ya bei nafuu inajulikana: kumwaga lami ya maji, kutupa kokoto ndogo juu yake, na kuyaachia magari kazi ya kuzishindilia. Kwenye barabara yenye magari kumi kwa siku, kazi hiyo inachukua muda. Mwenye baiskeli anayeshuka kilima kwa kasi na kukuta kokoto hizo kwenye kona hana mengi ya kufanya.

Na kimya chenyewe kinadanganya. Kila mwaka waendesha baiskeli zaidi ya 200 wanakufa kwenye barabara za Ufaransa, na zaidi ya nusu wanafia nje ya miji. Dereva aliyezoea kuwa peke yake hategemei kumkuta mtu nyuma ya kilima. Sheria inamtaka aache mita moja na nusu anapompita mwenye baiskeli nje ya mji, na tangu 2015 anaruhusiwa kukanyaga mstari usiokatika ili aache nafasi hiyo, kama anaona vizuri mbele. Tarehe 1 mwezi wa saba 2018, serikali ya Édouard Philippe ilishusha mwendo kutoka kilometa 90 hadi 80 kwa saa kwenye barabara za njia mbili zisizo na kizuizi katikati. Vijiji vilikasirika. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, bei ya mafuta ilipowasha maandamano ya vizibao vya manjano, mwendo wa 80 ulikuwa ndani ya malalamiko. Mwisho wa 2019 sheria mpya iliziruhusu departementi kurudi kwenye 90.

Hasira hiyo inaeleweka. Mtu wa kijijini asiye na gari hafiki kazini, hafiki kwa daktari, hafiki dukani, kwa sababu basi ni chache na duka la kijiji limefungwa. Kile ambacho mgeni anakiita amani, mama mwenye mtoto mgonjwa anakiita umbali. Wote wawili wanatumia barabara ile ile nyembamba, na mmoja tu kati yao analipa kodi pale.

Kwa kawaida komini zinapaswa kupitisha bajeti zao kabla ya tarehe 15 mwezi wa nne. Joto likianza, malori ya kokoto yanatoka, na vibao vya kuonya vinapandwa kando ya zile kilometa chache ambazo pesa ya mwaka imefikia.