Antimaada: mzigo usiokubali chombo

KILA mzigo una chombo chake, kuanzia gunia na debe hadi kontena. Upo mmoja tu ambao ukigusa chombo chochote hutoweka hapo hapo pamoja na sehemu ya chombo hicho, na kuacha nishati tupu. Huo ni antimaada, na kiwanda chake kipo CERN, maabara iliyokaa mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva.

Atomu ya haidrojeni ina protoni yenye chaji chanya na elektroni yenye chaji hasi. Katika antihaidrojeni chaji hizo zimegeuzwa: antiprotoni ni hasi, positroni ni chanya.

Mwaka 1995 CERN walipata atomu tisa tu za namna hiyo, nazo zilitoweka kabla ya kufumba na kufumbua. Utapima nini hapo?

Antiprotoni hupatikana kwa kugongesha protoni kwenye kipande cha metali, kisha hupunguzwa kasi. Positroni hutoka katika sodiamu yenye mionzi. Kwa kuwa zote zina chaji, umeme na sumaku huzishikilia katikati ya bomba lisilo na hewa. Taabu huanza zikishaungana, maana atomu nzima haina chaji na umeme hauishiki tena. Imebaki na usumaku kidogo sana, na huo ndio walioutegemea wataalamu wa jaribio la ALPHA. Mwaka 2010 walinasa atomu 38, kwa takriban sehemu moja ya sita ya sekunde. Mwaka 2011 walifikisha sekunde 1,000.

Leza ikapata nafasi. Mwaka 2016 antihaidrojeni ilimulikwa, ikaitikia mwanga ule ule unaoitikiwa na haidrojeni ya kawaida. Mwaka 2021 leza ilitumika kuipoza, na mwaka 2023 ikathibitika kwamba ikiachiwa huanguka chini, kama jiwe.

Wanaohofia bomu watulie: antimaada yote iliyowahi kutengenezwa CERN ingewasha balbu moja kwa dakika chache.

Kinachotafutwa ni tofauti, hata ndogo. Kwa mujibu wa nadharia, ulimwengu ulianza na maada na antimaada kwa kiasi sawa. Vingepaswa kumalizana, na sisi tusingekuwepo. Hadi sasa leza haijaonyesha tofauti yoyote.

Oktoba 2024, wataalamu wengine wa CERN walipakia mtego wenye protoni 70 kwenye lori, wakauzungusha ndani ya eneo la maabara. Lilikuwa zoezi la kujiandaa kusafirisha antiprotoni zenyewe kwa barabara.