Akili Mnemba na Majedwali ya Tabora

Kazi kubwa ya mtu wa takwimu mara nyingi si uchambuzi, ni kusafisha data. Jedwali lililokusanywa vituo mbalimbali hufika na "Tabora", "TABORA" na "Tbr" kwa mahali pamoja, tarehe za mitindo mitatu, na nafasi tupu zisizojulikana kama ni sifuri au kipimo kilichosahauliwa. Visaidizi vya akili mnemba, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, vimeifupisha kazi hiyo. Mtumiaji hueleza shida yake kwa maneno ya kawaida, kisaidizi kikamwandikia fomula ya Excel au programu fupi ya Python ya kusawazisha tahajia, kupanga tarehe na kubaini mistari iliyojirudia.

Afadhali kukiomba programu kuliko kukiomba jibu. Kisaidizi hutunga maneno kwa kukisia neno linalofuata, hivyo hesabu kinayoifanya "kichwani" huweza kwenda kombo. Programu hutoa jibu lilelile kila inapoendeshwa kwa data ileile, na mwingine anaweza kuikagua.

Data za Mkoa wa Tabora, Tanzania, zinaonyesha pale ambapo haraka huponza. Mvua za huko zina msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Kisaidizi kikiambiwa tu kijumlishe mvua "kwa mwaka", huenda kikahesabu Januari hadi Desemba: mwisho wa msimu mmoja utaungana na mwanzo wa mwingine, na mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hana mwaka wa namna hiyo. Agizo linalofaa husema hivi: "Jumlisha mvua za Novemba hadi Aprili, kila msimu uupe jina la miaka miwili, kama 2021/22. Siku isiyo na kipimo usiijaze sifuri, iorodheshe kando." Saa nazo zinataka maelezo, maana "saa 2 asubuhi" huweza kusomwa kama saa nane za usiku.

Mipaka ya utawala ni mtego mkubwa zaidi. Sensa ya 2002 iliihesabu Kaliua ndani ya Wilaya ya Urambo. Ile ya 2012 ikaihesabu peke yake. Programu inayolinganisha majina ya wilaya tu itaonyesha watu wa Urambo wamepungua ghafla. Kisaidizi kikiulizwa sababu, kinaweza kutaja ukame au uhamaji kwa ufasaha wa kutosha kumridhisha ofisa asiyeijua Kaliua.

Watafiti wa njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wana taabu kama hiyo. Kazeh ya maandishi ya wasafiri Burton na Speke, waliofika 1857, ndiyo Tabora ya leo, na Unyanyembe ilikuwa himaya iliyouzunguka mji. Bila orodha ya majina hayo, kisaidizi huweza kuuhesabu mji mmoja mara mbili, au kuugeuza mji na himaya kuwa kitu kimoja.

Lipo pia suala la siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo majina na namba za simu za wanachama wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) viondolewe kwanza, zibaki namba za utambulisho tu, ndipo jedwali lipakiwe kwenye kisaidizi cha mtandaoni.