Wagosi wa Kaya: Kwa nini Coastal Union ikipanda haikai juu?

Ukitoka Lushoto unashuka kona za mlima mpaka Mombo, unapita Korogwe, Segera na Muheza, ndipo unaingia Tanga mjini. Huko, kwenye uwanja wa Mkwakwani, ndiko nyumbani kwa Coastal Union. Klabu ni ya pwani, lakini jina lake la utani lina asili ya huko huko milimani ulikotoka.

Wagosi ni nani?

"Mgosi" kwa Wasambaa na ndugu zao Wabondei ni mwanaume. "Kaya" ni nyumbani. Kwa hiyo Wagosi wa Kaya ni wanaume wa nyumbani, wenye mji wao. Ndiyo maana timu hii haihesabiwi kuwa ya Tanga mjini peke yake. Ni ya mkoa mzima, Lushoto ikiwemo.

Kama wewe ni mpenzi wa Bongo Fleva, jina hilo unalijua pia kupitia Mkoloni na Dr. John, wale jamaa wawili wa "Tanga Kunani".

Enzi za raha

Coastal ilianzishwa mwaka 1948. Kilele chake ni 1988, ilipotwaa ubingwa wa ligi. Miongoni mwa waliokuwa uwanjani enzi hizo ni mshambuliaji Juma Mgunda. Mshike jina, tutarudi kwake.

Tangu hapo, ubingwa wa ligi haujarudi tena Barabara ya 11.

Msimu ambao Tanga ilifutika

Msimu wa 2015/16 mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, watani wao African Sports na Mgambo JKT. Timu tatu zilishuka daraja msimu ule. Zote zilikuwa hizo hizo!

Ghafla mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Simba na Yanga zikawa hazina sababu ya kuja Mkwakwani kucheza ligi, na kwa klabu za mikoani mechi hizo ndizo zinazojaza uwanja na kuingiza pesa ya maana ya viingilio.

Coastal ilipanda tena 2018. Mwaka huo huo ikawashangaza wengi kwa kumsajili msanii Alikiba.

Usiku wa Sopu

Julai 2, 2022, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF dhidi ya Yanga, ambayo msimu huo ilimaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja.

Kijana Abdul Sopu akaitungua mabao matatu peke yake. Mechi ikaisha 3-3, Yanga ikashinda kwa penalti 4-1. Na kocha wa Coastal siku hiyo? Juma Mgunda yule yule wa 1988.

Kilichofuata ndicho kinachojibu swali letu. Sopu akaenda Azam. Miezi miwili baada ya fainali, Mgunda naye akachukuliwa na Simba. Ndani ya muda mfupi timu ikampoteza mfungaji wake na mwalimu wake.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Tanga haijawahi kukosa vipaji. Shida ni kwamba mchezaji aking'aa tu, klabu yenye pesa inapiga hodi, na klabu ya mkoani haina ubavu wa kumzuia. Mwaka unaofuata inaanza kujenga upya.

Imeshaonyesha inaweza

Hata hivyo, msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Safari ilikuwa fupi: ilifungwa 3-0 na Bravos do Maquis kule Angola, kisha marudiano Dar es Salaam yakaisha 0-0.

Msimu huo wa 2024/25, baadhi ya mechi zake za "nyumbani" zilichezwa Dar na Arusha. Kwa shabiki wa Lushoto aliyezoea kushuka mlima na kurudi, hiyo ni safari nyingine kabisa, na nauli nyingine.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Coastal ni timu ya historia tu, mkumbushe 2022 na 2024. Kufika juu inajua. Dawa inayotafutwa ni ya kuwabakiza wagosi kayani.