Fahamu: Je, ni lazima utumbo usafishwe kabla ya upasuaji?

Kwa miaka mingi, mgonjwa anayesubiri kupasuliwa utumbo mpana amenyweshwa dawa ya kuharisha ili kinyesi kisimwagike tumboni na kuleta maambukizi. Mantiki inaeleweka, ingawa usiku wa kunywa dawa hiyo ni mateso, na wazee huweza kuishiwa maji na chumvi mwilini. Lakini mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2011, yenye tafiti 18 na wagonjwa zaidi ya 5,800, hayakuona faida ya dawa hiyo peke yake.

Zikiongezwa antibiotiki za kumeza, ubishi huanza: madaktari wa Marekani huzipendekeza pamoja, ilhali utafiti wa Finland wa 2019 haukuona tofauti ya maana.

Ukipewa dawa ya kuharisha tu, muulize daktari sababu.