Ilimba Si Piano: Maneno ya Njia ya Tabora

Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya maelezo ya muziki ambamo ala iliyopigwa na marehemu Hukwe Zawose imeitwa "piano ya kidole gumba". Mfasiri alifuata Kiingereza neno kwa neno, ilhali ala hiyo ina jina lake: ilimba.

Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Chibite ni neno la Kigogo, yaani "twende". Kwa albamu hiyo na safari zake nyingi, wasikilizaji wa ng'ambo walizidi kuifahamu sauti ya ilimba na zeze. Urithi huo haukukatika: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha.

Maneno ya bara kuingia katika Kiswahili si jambo geni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji, ikapitia Tabora na Ugogo hadi Bagamoyo, ilichukua maneno pamoja na pembe. Tembe, nyumba ya bara yenye paa bapa la udongo, ni neno la Kiswahili leo. Pale Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Hongo ilikuwa ushuru uliotozwa misafara na watawala wa njiani. Sasa maana yake ni rushwa.

Katika kuunda istilahi, hutafutwa kwanza neno la Kiswahili, kisha la lugha nyingine za Kibantu, ndipo la kigeni. Kiswahili kina marimba, lakini neno hilo hutumika kwa ala ya mbao zinazogongwa kwa vijiti na pia kwa ile ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kwa hiyo twapendekeza marimba libaki jina la jumla, na ilimba litumike kwa ala ya Wagogo. Piano ni ala ya nyuzi zinazogongwa kwa nyundo. Kuliazima jina lake hapa ni kumpotosha mwanafunzi.

Wafasiri na walimu wanaombwa, kabla ya kufasiri jina la ala, wawaulize kwanza wanaoipiga.