Kabla ya kumnunulia mtoto roboti, kaa naye mtazame katuni yake

Mzazi aliyewahi kuingia dukani na mtoto wa miaka saba anaijua hali hii. Mtoto anafika mbele ya rafu ya vitu vya kuchezea na miguu inagoma kwenda. Macho yako kwenye roboti moja nyekundu na buluu. Mama analigeuza boksi, anaangalia bei, analirudisha mahali pake.

"Si unayo kama hii nyumbani?"

"Siyo hii, mama. Ile ni nyingine."

Mama haoni tofauti. Zote zina mikono, miguu na bunduki. Mtoto anaanza kulia, watu wanageuka kutazama, na matembezi ya Jumamosi yanaharibika.

Watu waliozipenda katuni za roboti za Kijapani tangu wakiwa wadogo, ambao wengi wao leo ni wazazi, wangemtetea mtoto hapo. Kwao roboti hizo hazifanani hata kidogo. Kila moja ina jina, rubani na kisa chake. Lakini watu haohao wangemnong'oneza mama jambo ambalo mtoto halijui: nyingi ya katuni hizo zilitengenezwa ili roboti zinunuliwe.

Tena wangeongeza la tatu, na hilo ndilo linalomgusa mzazi zaidi. Katika katuni bora za aina hii, ambazo wapenzi wake huziita mecha, kisa kimoja kimekuwa kikijirudia tangu miaka ya 1950. Baba au babu ni fundi hodari. Ametengeneza mashine ya ajabu. Mtoto anaachiwa mashine, lakini baba mwenyewe hayupo.

Zawadi ya baba asiyekuwepo

Mwaka 1952 mchoraji Osamu Tezuka alianza hadithi ya picha iliyokuja kujulikana duniani kama Astro Boy. Daktari Tenma anafiwa na mwanawe katika ajali ya gari. Kwa uchungu anaunda roboti yenye sura ya marehemu. Baada ya muda anagundua kwamba "mwana" huyo harefuki wala hakui kama watoto wengine. Anakasirika, anamuuza kwenye sarakasi. Profesa mwingine, Ochanomizu, ndiye anayemwokoa na kumlea. Hadithi ya watoto hiyo, lakini mzazi akiisikiliza vizuri ataona inamsema yeye: Tenma alitaka mtoto aliyemkosa, hakumtaka aliyekuwa mbele yake.

Mwaka 1956, miaka 11 baada ya Japani kushindwa katika Vita Kuu ya Pili, Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora Tetsujin 28-go. Roboti hiyo kubwa ya chuma ilibuniwa iwe silaha ya vita. Vita vikaisha, na ikaishia kwa mwana wa mwanasayansi aliyeibuni, mvulana Shotaro Kaneda, anayeiongoza kwa rimoti. Rimoti ikichukuliwa na mwovu, roboti inamtii mwovu. Watoto wa wakati huo, waliozaliwa katika miji iliyoungua kwa mabomu, walielewa kwamba mashine haina wema wala ubaya wake yenyewe. Inategemea imeshikwa na nani.

Mabadiliko makubwa yalikuja Desemba 1972, wakati Mazinger Z ya Go Nagai ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Nagai amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia alipotazama foleni ya magari, akafikiria jinsi dereva angefurahi kama gari lake lingeota mikono na miguu. Basi badala ya kushika rimoti, kijana Koji Kabuto anaingia ndani ya kichwa cha roboti na kuiendesha kama gari. Anaipata kutoka kwa nani? Kwa babu yake, anayemkabidhi akiwa katika pumzi zake za mwisho.

Kisha ikaja Gundam, Aprili 1979, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino. Humo roboti si shujaa tena. Ni chombo cha vita kama kifaru, kinachoishiwa risasi na kuhitaji mafundi. Rubani wake, Amuro Ray, ana miaka 15. Baba yake ni mhandisi aliyeshiriki kuibuni Gundam. Mji wao unaposhambuliwa, Amuro anamkuta baba akihangaika kuziokoa mashine huku watu wakikimbia ovyo, na anamuuliza kama mashine zina thamani kuliko binadamu. Baadaye anakutana naye tena. Baba amedhoofika akili kwa sababu ya kukosa hewa angani, na anampa mwanawe kifaa ambacho kimeshapitwa na wakati, akiamini kitamsaidia vitani. Amuro anakipokea, anaondoka nacho, kisha anakitupa chini.

Wapo watu wazima walioitazama sehemu hiyo wakiwa na miaka kumi na hawakuielewa. Waliporudi kuitazama wakiwa na watoto wao, iliwauma.

Mwaka 1995 Hideaki Anno aliusukuma mkasa huo hadi mwisho katika Evangelion. Shinji Ikari, miaka 14, anaitwa na baba ambaye hajaonana naye kwa miaka mitatu. Anafika akidhani ameitwa kwa sababu amekumbukwa. Kumbe baba anahitaji rubani. Na ndani ya mashine anayopewa kuendesha, kama inavyokuja kufichuka, mna roho ya mama yake aliyefariki. Hii si katuni ya mtoto wa shule ya msingi. Ina damu, ina mambo ya kikubwa na ina huzuni nzito. Mzazi asidanganyike kwa kuona rangi nzuri kwenye boksi la roboti yake.

Watoto waliokatishwa katikati ya safari

Katuni hizi zilivuka bahari mapema. Nchini Ufilipino, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto walikuwa wakiifuatilia Voltes V, habari ya ndugu watatu na wenzao wawili wanaounganisha vyombo vyao vitano kuwa roboti moja. Katika vita vyote hivyo, ndugu hao wanamtafuta baba yao aliyepotea.

Mwaka 1979 Rais Ferdinand Marcos aliipiga marufuku pamoja na katuni nyingine za roboti, kwa maelezo kwamba zina ukatili mwingi. Zilikuwa zimebaki sehemu chache tu hadithi iishe. Watoto wakaachwa bila kujua kama ndugu wale watampata baba yao. Sehemu za mwisho zilionyeshwa baada ya Marcos kuondolewa madarakani mwaka 1986, wakati wengi wa watoto wale walikuwa wameshakuwa vijana. Mpaka leo watu wa rika hilo wanaikumbuka kama kitu walichonyang'anywa, na mwaka 2023 televisheni ya nchi hiyo ilitoa tamthilia mpya ya Voltes V ikiigizwa na watu halisi.

Wasiwasi wa ukatili haukuwa wa bure, na mzazi wa leo ana haki ya kuwa nao. Lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba mtoto huwa anafuata kitu kingine zaidi ya mapigano. Anataka kujua kama familia itakutana tena.

Katika nchi za Kiarabu, jina linalotajwa ni Grendizer, iliyotafsiriwa kwa Kiarabu nchini Lebanon wakati nchi hiyo ikiwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Shujaa wake, Duke Fleed, ni mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeangamizwa, naye amekimbilia duniani. Humo angalau yupo baba anayefaa: mwanasayansi Umon, aliyempokea mkimbizi huyo na kumfanya mwanawe. Mwaka 2022, mjini Riyadh, ilisimamishwa sanamu ya Grendizer yenye urefu wa zaidi ya mita 33. Walioishangilia zaidi ni watu wazima wenye mvi.

Biashara iliyo nyuma ya shujaa

Hata hivyo, mapenzi yasimfumbe mtu macho. Mwaka 1974 kampuni ya Popy, iliyokuwa chini ya Bandai, ilitoa roboti ndogo ya Mazinger Z ya chuma, nzito mkononi, kwa jina la Chogokin. Jina hilo lilitokana na chuma cha ajabu kilichotajwa kwenye katuni. Zikauzwa sana. Tangu hapo, kampuni za vitu vya kuchezea zikawa wadhamini wakubwa wa katuni za roboti, na mdhamini akitaka roboti mpya katikati ya hadithi, roboti mpya ilipatikana.

Gundam yenyewe nusura ife kwa sababu hiyo. Watazamaji walikuwa wachache na roboti za mdhamini wake, kampuni ya Clover, hazikununuliwa vya kutosha. Hadithi iliyopangwa kuwa na sehemu 52 ikakatwa hadi 43. Iliokolewa ilipokuwa imeshakwisha. Julai 1980 Bandai ilitoa Gundam ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, kwa bei ya yeni 300, ambayo mwanafunzi aliweza kuimudu. Kumbe waliokuwa wakiipenda Gundam walikuwa wakubwa kidogo kuliko wateja wa Clover, na walitaka kuunda kitu kwa mikono yao. Hadi leo zimeuzwa zaidi ya milioni 500.

Kisa cha Transformers ndicho kikali zaidi. Roboti hizo zilikuwa za kampuni ya Takara ya Japani kabla ya Hasbro ya Marekani kuzichukua na kuzipa majina mapya mwaka 1984. Katika filamu ya 1986, kiongozi wao, Optimus Prime, aliuawa ili kupisha roboti mpya dukani. Watoto walitoka kwenye kumbi za sinema wakilia. Kwa watengenezaji ilikuwa bidhaa iliyopitwa na wakati. Kwa watoto alikuwa kama baba. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1987 Optimus Prime alirudishwa akiwa hai.

Boksi lifunguliwe au lisifunguliwe?

Hapa ndipo mashabiki wa siku nyingi hawapatani. Wapo wanaonunua roboti na kuiweka juu ya kabati ikiwa ndani ya boksi lake, kwa kuwa ambayo haijaguswa ina bei kubwa baadaye. Tangu 1997 Bandai imekuwa ikitoa roboti za chuma ziitwazo Soul of Chogokin, zinazowalenga watu wazima walioikosa Mazinger utotoni. Ni ghali, ni nzuri, na mtoto haruhusiwi kuzigusa.

Wengine wanasema roboti ambayo haikuchezewa haikutimiza kazi yake. Mwenye nyumba anayemiliki kabati la roboti na kumfokea mtoto anayelisogelea, amejigeuza baba yake Amuro bila kujua. Kwa upande wa familia, maoni haya ya pili ndiyo yenye uzito. Kama baba anakusanya, basi iwepo angalau moja ya bei nafuu ambayo ni ya kuvunjika.

Kwa mtoto wa kuanzia miaka minane hivi, wapenzi wengi huona roboti ya kuunganisha inafaa kuliko iliyokwisha kuundwa. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, vikiwa na namba. Mtoto anakata, anasoma mchoro, anapachika. Nyingi za siku hizi hazihitaji gundi. Maelekezo yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini picha zinatosha. Mtoto atakosea mguu wa kulia na wa kushoto, atafumua, ataanza upya. Hiyo ni subira ambayo simu haimfundishi.

Mambo ya kuangalia ni machache. Kwanza, soma umri ulioandikwa kwenye boksi, kwa sababu roboti ngumu zinaweza kumkatisha tamaa mtoto mdogo. Pili, kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, kazi ifanyike juu ya meza na vipande vihesabiwe, kwani ngumi ya roboti inaingia kooni kirahisi. Tatu, roboti za kuigiza zinazouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi huvunjika kwenye viungo. Nne, mtoto akiomba ya pili, aulizwe kwanza ile ya kwanza iko wapi na inaitwaje. Anayeweza kusimulia kisa chake anaipenda. Asiyekumbuka hata jina lake alivutiwa na tangazo tu.

La mwisho halihitaji hela. Sehemu moja ya katuni hizi huchukua dakika 20 na kitu, muda ambao wali unaiva jikoni. Mzazi akae na mtoto, simu iwe kwenye chaji chumba kingine, watazame pamoja. Hatajua majina yote, na si lazima. Mtoto atafurahi kumfundisha. Ikiisha, amuulize swali moja kuhusu kijana aliyekuwa ndani ya roboti: baba yake yuko wapi? Halafu anyamaze asikilize.