Kwa Nini Maji ya Chumvi Huharakisha Kutu

Mapanga mawili yaliyonunuliwa siku moja katika duka moja, moja likapelekwa Nyeri na la pili Malindi, hayazeeki sawasawa. La Malindi ndilo litakaloliwa na kutu kwanza. Wavuvi na wenye nyumba za mabati huko pwani wanalijua sana jambo hili, lakini si wote wajuao sababu yake.

Wengine hudhani ya kuwa chumvi yenyewe ndiyo ilayo chuma. Sivyo. Kutu hutokea chuma kinapoungana na maji pamoja na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo viumbe huivuta ili waishi. Kimoja cha hivyo kikikosekana, kutu haipatikani. Kazi ya chumvi ni kuihimiza.

Chuma kikilowana, sehemu moja yake huachilia chembe ndogo mno za umeme, nazo hupita ndani ya chuma mpaka sehemu nyingine, ambako oksijeni huzipokea. Lakini umeme huo hauendelei kama haupati njia katika maji pia. Maji ya mvua ni njia nyembamba. Maji ya bahari, ambayo kila lita yake ina chumvi gramu 35 hivi, ni barabara pana. Tena chumvi huharibu utando mwembamba unaokikinga chuma, na huvuta unyevu wa hewa, hata chuma kisikauke upesi.

Hasara kubwa zaidi ni ya nyumba. Mchanga wa ufukoni huonekana rahisi kwa mwenye kujenga, lakini usipooshwa vizuri, chumvi yake huzifikia nondo zilizofichwa ndani ya zege. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Basi huisukuma zege mpaka ikapasuka. Ufa wa namna hiyo hauponi kwa kupakwa saruji juu tu.

Mabati hupakwa zinki kwa sababu zinki hukubali kuliwa kwanza, chuma kikasalimika. Ndiyo maana vipande vya zinki hufungwa pia chini ya meli. Lakini zinki nayo huisha, na bati lililokwanguka lapasa kupakwa rangi mapema.

Jembe au panga lililoguswa na maji ya bahari lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lipanguswe hata likauke, kisha lipakwe mafuta. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na jembe jipya si la bei ndogo.